Virushio vya konfeti na tepe kwa jukwaa la mazingaombwe: nilivyovijaribu Malindi

Kabla ya kununua kirushio chochote cha konfeti, yaani vipande vidogo vya karatasi vya kurusha hewani, kwa maonyesho ya mazingaombwe, mimi huenda kwanza kulitazama paa la ukumbi nitakaochezea. Kumbi nyingi za hoteli hapa Malindi zimeezekwa kwa makuti juu ya boriti za mikoko, zimeachwa wazi pande mbili au tatu ili hewa ya bahari ipite, na mapangaboi yananing'inia juu ya vichwa vya wageni. Makuti, upepo na mapangaboi vimeniamulia mengi kuliko bei au rangi za kasha, na tathmini hii ninaiandika baada ya kuvitumia virushio vya aina nne katika misimu yote miwili, ya kaskazi na ya kusi.

Vile vinavyofyatuliwa kwa baruti, hata vile vidogo vya kuvuta uzi ambavyo watu huvichukulia kuwa vya kuchezea, sikuvijaribu wala sitavijaribu. Makuti yaliyokauka kwa miezi ya jua hayahitaji zaidi ya cheche moja, na hakuna kiinimacho kinachostahili kuhatarisha ukumbi uliojaa watoto.

Kirushio cha springi ndicho rahisi kuliko vyote, na kina sifa mbili za kweli: hakina gesi, na kinaweza kujazwa upya mara nyingi. Hata hivyo, karatasi zake hazivuki mita 2 au 3, na mlio wa springi husikika kabla karatasi hazijaonekana, jambo linalomwelekeza mtazamaji mahali hasa ambapo hutaki atazame. Ninakitumia kwenye sherehe za watoto sebuleni, na jukwaani sikipandishi.

Bomba la kuzungusha kitako ndilo nililolitumia zaidi, kwa hiyo ndilo ninaloweza kulisemea kwa uhakika. Ni mrija wa karatasi ngumu uliojazwa konfeti au tepe, yaani nyuzi ndefu za karatasi, na chini yake mna kimtungi kidogo cha hewa iliyoshindiliwa. Ukikizungusha kitako, hewa hutoka kwa mkupuo mmoja na kusukuma kila kilichomo. Huuzwa kwa urefu wa sentimita 30, 40, 60 na 80, na kosa la wanaoanza, ambalo mimi pia nililifanya, ni kudhani kwamba refu ndilo bora. Bomba la sentimita 80 hurusha karatasi mita 8 au zaidi, na katika ukumbi wa makuti maana yake ni kwamba nusu ya konfeti itabaki juu ya boriti na kudondoka kidogo kidogo kwa juma zima, ikiangukia sahani za chai ya asubuhi. Lile la sentimita 40 hufika juu ya kichwa cha mtu aliyesimama, hufunguka kama mwavuli, kisha huteremka mbele ya macho ya hadhira, na hapo ndipo mwanamazingaombwe anapoihitaji.

Jambo jingine ambalo maelezo ya kwenye kasha hayasemi ni kwamba bomba hili hudai mikono miwili. Mkono mmoja hushika mrija na wa pili huzungusha, na kwa muda huo wote mchezaji hawezi kufanya siri yoyote kwa vidole vyake. Kwa hiyo linafaa kwa hitimisho la onyesho, au likiwa mikononi mwa msaidizi aliyefundishwa kulielekeza juu kwa mshazari, wala asilielekeze kamwe usoni mwa mtu, kwa kuwa mkupuo wa karibu unaweza kuumiza jicho. Wakati wa kulitumia, zima pangaboi lililo juu ya jukwaa. Niliwahi kusahau, nikarusha tepe badala ya konfeti, na mapanga yakazisokota zote kwa sekunde chache hadi injini ikaanza kuguna. Onyesho lilisimama huku fundi akipandishwa ngazi.

Ubora wa mabomba haya hautabiriki. Muuzaji mmoja wa Mombasa aliniuzia kasha la mabomba 12 ambayo matatu kati yake yalikuwa yamevuja hewa, nami nikaligundua hilo mbele ya watu, nimezungusha kitako na kusikia mpumuo mdogo tu. Tangu siku hiyo ninafyatua bomba moja la kila kasha uani kwangu kabla ya kuliamini kasha zima. Hasara ya bomba moja ni ndogo ukiilinganisha na ukimya wa ukumbi uliokuwa ukingoja muujiza.

Mabomba ya umeme, yanayochomekwa kwenye kitako maalumu na kufyatuliwa kwa rimoti, ni mazuri kwa mchezaji asiye na msaidizi. Unaweza kuyaficha pembeni mwa jukwaa na kuyafyatua ukiwa upande wa pili, na kwa hakika kumvuta mtazamaji ageuze shingo kwa sekunde moja ni nusu ya kazi yetu. Lakini kitako chake ni ghali, betri huchoka upesi, na chumvi ya bahari hula vichomeo vya shaba. Mimi hukodi, sinunui. Ile mitambo mikubwa ya mitungi ya kaboni dioksaidi inayopuliza karatasi bila kukoma ni ya matamasha ya muziki, na katika ukumbi wa watu 100 humfunika mchezaji pamoja na mchezo wake.

Kuhusu kinachojazwa ndani ya bomba, msimamo wangu hauna shaka: karatasi nyepesi, kama ile ya kutengenezea tiara, iliyokatwa mistatili ya takribani sentimita 2 kwa 5. Umbo hilo huifanya karatasi ijizungushe kwenye urefu wake inapoanguka, na ndiyo sababu huelea muda mrefu. Zile za plastiki ya kumetameta hupendeza sana chini ya taa, sikatai, lakini mipako yake ya metali hupitisha umeme, kwa hiyo haifai karibu na taa na nyaya za jukwaani, tena haziozi. Usiku mmoja nilizirusha kwenye jukwaa lililo karibu na mchanga, na bi mkubwa anayesimamia usafi wa hoteli hiyo akanijia na fagio la chelewa mkononi. "Mwanangu," aliniambia, "za karatasi nafagia, hizi naziokota moja moja. Na zilizokwenda na maji nani ataziokota?" Sikuwa na jibu. Malindi ina hifadhi ya bahari tangu mwaka 1968, kasa hutaga mayai kwenye fukwe za Watamu, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo yanayolindwa ya Kenya, fukwe zikiwemo. Sijazinunua tena.

Karatasi nayo ina udhaifu wake. Rangi za bei ya chini, hasa nyekundu na zambarau, huchujuka zikilowa, na kanzu nyeupe iliyokaliwa na konfeti yenye umande haitakati kwa sabuni ya kawaida. Kwa harusi na kwa hafla za nje mimi huomba nyeupe, manjano na buluu isiyokolea. Unyevu pia huigandisha karatasi ndani ya bomba hadi itoke kama bonge, kwa hiyo ninayahifadhi mabomba ndani ya debe lenye kifuniko, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, mahali penye kivuli. Kuyaacha ndani ya gari mchana ni hatari, kwani hewa iliyoshindiliwa hutanuka kwa joto. Na ukialikwa Lamu, usitarajie kuruka nayo: mizigo ya abiria wa ndege hairuhusiwi kubeba mabomba ya namna hii, itakubidi kuyapeleka kwa barabara hadi Mokowe kisha kuvuka kwa boti.

Nimeziweka mwisho tepe za kurusha kwa mkono kwa sababu ndizo ninazozipenda kuliko vyote nilivyovitaja. Hazina gesi, springi wala mlio. Ni nyuzi nyingi za karatasi nyembamba zilizoviringwa pamoja hadi zikaenea kiganjani, na asili ya mtindo huu ni majukwaa ya kale ya Japani, ambako mchezaji wa nafasi ya buibui huzitupa kama utando. Mkono unaonekana mtupu, unanyooshwa, na ghafla utando mweupe unafunguka hewani hadi mita 4 mbele ya jukwaa, bila hadhira kupata sauti yoyote ya kuifuata. Zinahitaji mazoezi, kwa sababu ukizirusha kwa kulegea huanguka miguuni, na ukizirusha dhidi ya upepo wa kusi hukurudia usoni; mimi husimama upepo ukiwa mgongoni, hata ikibidi kuomba viti vigeuzwe. Bei yake kwa kila mkupuo inazidi ya bomba la sentimita 40, na hazirudiwi zikishatupwa. Kwa onyesho la dakika 40 ninabeba mikupuo mitatu ya tepe hizi, mabomba mawili ya kuzungusha, na bomba la tatu la akiba ambalo halitoki ndani ya debe mpaka msaidizi wangu anapopanda jukwaani.