Gitaa la stili la pedali kwenye taarabu: uzoefu wangu wa sauti yake hapa Unguja

Nianze na jibu la swali ninaloulizwa kila nikipiga mahali, kama nimeridhika na sauti ya gitaa langu la stili la pedali: ndiyo, nimeridhika nayo. Ila niseme mapema kwamba sauti hiyo haikutoka kwenye kasha ikiwa tayari. Imebidi niipunguze huku, niikate kule, na kuifunga upya chini ya ubao mpaka ikakubali kukaa pamoja na fidla na ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha kulaza mapajani, bila kugombana. Mengi yanayosemwa kuhusu chombo hiki yanamfaa mtu anayepiga muziki wa kantri wa Nashville, Marekani, na anayekaa mbali na bahari. Mimi sipo hapo wala hapo.

Kwa asiyekijua, ni gitaa la kulaza, limesimama kwa miguu minne, lina nyuzi kumi, na shingoni hakubonyezwi kidole. Mkono wa kushoto unateleza na kipande cha chuma cha mviringo, gramu mia mbili na ushei. Mkono wa kulia unavaa kucha, ya plastiki kwenye gumba na za chuma kwenye vidole viwili vinavyofuata. Langu lina pedali tatu za mguu wa kushoto na leva nne za magoti, na mguu wa kulia unakaa juu ya pedali ya sauti. Ukikanyaga, fimbo nyembamba chini ya ubao inavuta uzi mmoja au miwili, noti zake zinapanda huku nyingine zimesimama pale pale.

Katika kikundi chetu, mpiga ganuni ndiye aliyelielewa haraka kuliko wote. Naye anavaa risha vidoleni kwa pete, na ganuni lake lina vile vijichuma vya upande wa kushoto vya kupandisha na kushusha noti. Mzee wetu wa fidla alilizunguka, akainama akachungulia pedali na fimbo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hii cherehani umetuletea ya nini?" Jina limebaki. Mazoezini hakuna anayesema gitaa; wanasema, "Haya, washa cherehani yako tuanze."

Masikioni mwetu, hata hivyo, sauti yenyewe si ngeni. Aliyekulia na Don Williams redioni ameisikia, hata kama hakujua inatoka wapi. Waliopenda muziki wa sinema za Kihindi wameisikia kwa mlango mwingine, maana Van Shipley alikuwa akipiga nyimbo za filamu kwa gitaa la umeme la Hawaii, lile lisilo na pedali. Hawaii ndiko asili, mwishoni mwa karne ya 19, na jina linalotajwa zaidi ni Joseph Kekuku. Pedali zilikuja nyuma sana. Mwaka 1954 ulitoka wimbo wa mwimbaji wa kantri Webb Pierce ambao ndani yake Bud Isaacs anakanyaga pedali huku noti bado inalia, na wapigaji wengi Marekani wakaanza kufungia magitaa yao pedali ili wapate ule mpindo. Mimi lakini aliyeniaminisha ni King Sunny Adé wa Nigeria. Ukisikiliza albamu yake ya 1982, stili ya Demola Adepoju imekaa katikati ya ngoma za muziki wao wa juju kama mwenyeji, na hapo nikajua chombo hiki hakina lazima ya kofia ya kauboi.

Nililonunua ni la mwanafunzi, shingo moja, nyuzi zimetuniwa kwa mpangilio uitwao E9, lililokwisha kutumika. Nililipa dola mia tisa na kitu bila usafiri, na ndugu yangu aliyekuwa akirejea kutoka Uingereza ndiye aliyenibebea. Jipya la kiwango cha juu linapita dola elfu tatu bila taabu. Gitaa lenyewe halitaki umeme wa ukutani, lakini amplifaya usiiagize Marekani. Kule ni volti 120 na huku ni 230, utajikuta unanunua na transfoma juu yake. Nilichukua Dar amplifaya ya kinanda iliyotumika, yenye spika ya inchi 15. Za kinanda zina sauti safi, hazikoromi ukizipandisha, na stili inataka usafi huo kuliko gitaa la kawaida.

Mwanzoni ilikuwa inachoma. Pikapu za stili, yaani visumaku vya chini ya nyuzi vinavyonasa sauti, husokotwa waya mwingi kuliko za gitaa la kawaida, zina nguvu, na sauti za kati, pale kwenye hezi 800 hivi, zinatokea puani. Hili linajulikana, hata Marekani wapigaji wengi hupunguza papo hapo. Nikapunguza 800, nikateremsha na zile za juu, nikaziacha za chini kama zilivyo. Ikapoa, lakini mazoezini bado ilikuwa vita. Kwenye taarabu eneo la juu lina wenyewe: ganuni linameta huko, fidla zinaimba huko, na mwimbaji akipandisha anakutana nao huko huko. Stili ikiingia na makali yake, ama utamfunika mwimbaji ama utaambiwa uzime.

Dawa ilikuwa mkononi. Ukidonoa nyuzi karibu na pikapu, sauti inakuwa na ncha. Ukisogeza mkono wa kulia kuelekea katikati ya uzi, inanenepa na kutulia. Inchi chache tu, na nikapata sehemu kubwa ya nilichokuwa nakitafuta kwenye vifungo vya amplifaya. Na mkono wa kushoto nao niliupunguzia mtikisiko. Ule wa kutetemesha chuma kila noti unapendeza kwenye wimbo wa mapenzi wa Kimarekani, lakini kwenye bashrafu, ule muziki wa vyombo vitupu wa kufungulia taarabu, unafanya ionekane unapiga ukiwa na homa.

Pedali ya sauti ni somo jingine. Mpigaji hudonoa ikiwa imefunguka chini ya nusu, kisha huifungua taratibu kadiri noti inavyofifia, ndiyo maana stili inaonekana haishiwi pumzi. Sasa fidla zetu nne zinavimba hivyo hivyo kwa upinde. Wote tukivimba pamoja, mshororo wa mwimbaji unazama. Kwa hiyo zinapokuwa fidla ndani naiacha noti ife yenyewe, na nikibaki na udi na besi ndipo nafungua mguu. Halafu kuna jambo la kebo: pikapu isiyo na betri ikipita kwenye pedali ya sauti na kebo ndefu inapoteza ncha njiani. Wengine hununua kisanduku cha kuweka katikati ili isipotee. Mimi natumia kebo fupi na sijaona haja, kwa sababu ncha yenyewe nilikuwa natafuta namna ya kuipunguza.

Kilichonifanya nisikiuze ni robo, zile noti zinazokaa baina ya noti mbili za kinanda.

Taarabu ya mtindo wa Ikhwani Safaa, kikundi cha hapa Unguja ambacho tangu 1905 kimekuwa kikisikiliza Cairo kwa sikio moja, ina nyimbo za maqamu, yaani ngazi za noti za Kiarabu, kama rasti na bayati. Rasti ukiianzia kwenye E, noti ya tatu haikai kwenye G wala kwenye G shapu. Inakaa baina yao. Ya saba nayo hivyo hivyo, baina ya D na D shapu. Akodiani na kinanda cha kawaida vinapita hapo vikiruka, na vikundi vingi siku hizi vimezoea kuruka. Stili, ukipiga uzi mmoja, chuma kinafika popote unapotaka, hilo halina mjadala. Taabu inaanza ukipiga nyuzi mbili tatu pamoja, kwani chuma kinazihamisha zote, huwezi kuishusha ya tatu peke yake na kuiacha E na B mahali pake.

Basi kuna leva moja ya goti la kulia ambayo kwenye gitaa langu kazi yake ilikuwa kushusha uzi wa pili, D shapu. Nikaigeuza chombo pembeni, nikaichomoa fimbo yake na kuirudisha kwenye tundu la karibu na mhimili, ili ivute kidogo tu. Nikachukua fimbo ya leva nyingine niliyokuwa siitumii, nikaifunga kwenye leva hiyo hiyo, ikashike uzi wa sita, G shapu, upande wa kushusha. Sasa goti likisukuma mara moja, ya tatu na ya saba zinateremka pamoja. Leva moja, na unayo rasti. Bayati inakuja bure, kwa sababu ukianzia kwenye F shapu noti yake ya pili ni ile ile ya uzi wa sita. Uzi wa tatu, ile G shapu ya juu, nimeuacha. Unakatika vya kutosha bila kuongezewa kazi.

Kiasi cha kushusha hakipimwi kwa mashine ya kutuni. Robo ya wazee siyo lazima iwe nusu kamili baina ya noti mbili. Ukiiweka katikati kabisa kwa mashine, mwenye sikio anakunja uso. Nilimwita mpiga ganuni, akakaa kwenye kiti upande wa mwisho wa ubao ambako kuna vile vipande vya nailoni vya kurekebishia, mimi nikipiga E, leva, B, na yeye akifuatisha kwa kidole kimoja kwenye ganuni. "Bado. Teremsha. Umepita, rudisha. Kidogo tena." Nilizungusha kipande kile unywele kwa unywele. "Hapo. Usikiguse tena." Na mpaka leo sijakigusa.

Kasoro zipo. Vyombo vya mwanafunzi vina ubao mwepesi, na ukikanyaga pedali mbili pamoja ubao unajipinda kidogo, nyuzi nyingine zinashuka. Wenye masikio ya kinanda hawatalisikia. Mzee wa fidla analisikia kila mara na ananitazama kwa upande. Nimelipunguza kwa kutuni nyuzi zile zikiwa juu kidogo, lakini halikwisha, wala halitakwisha kwenye gitaa la bei hii.

Kisha chumvi. Nyuzi za nikeli zina sauti ya joto zaidi na ndizo ninazozipenda, lakini hewa ya hapa inazila. Masika yakiingia unaona vidoadoa vya kutu, na chuma kikipita juu yake kinanguruma. Za chuma kisichoshika kutu zinadumu, ila zinarudisha ule ukali niliohangaika kuuondoa. Nimechagua nikeli na gharama yake. Nafuta kila uzi kwa kitambaa kikavu juu na chini baada ya kupiga, nafunika kwa kanga nzito, na ndani ya kasha nimejaza vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Kwenye viungo vya fimbo natia tone la mafuta ya cherehani, na sitanii. Uzi wa tatu unaokatika kila mara ni wa namba 11, na habari njema ni kwamba huo ndio uzi wa kwanza wa seti ya gitaa la umeme ya 11. Kwangu urefu wake ulitosha, kwa hiyo huna haja ya kungoja seti nzima ya stili kutoka nje. Kaskazi likipamba moto tatizo ni jasho: chuma kinateleza mkononi, na hapo hakuna ujanja zaidi ya taulo ndogo pajani.

Kwenye mahoteli ya pwani mambo hutegemea fundi sauti. Kuna mahali, jina tuliache, walinichomeka moja kwa moja kwenye mixa, na gitaa likasikika bubu, halina ncha wala kifua. Ingizo la mixa halikutengenezewa pikapu ya namna hii. Weka maiki mbele ya spika, au dai kisanduku cha DI, kile kinachokaa kati ya gitaa na mixa ili vipatane. Wakikukatalia vyote viwili, piga kwa sauti ya amplifaya yako tu, ukumbi wa hoteli si mkubwa hivyo.

Nani anunue? Mpiga gitaa wa bendi ya dansi au ya hoteli anayetaka kitu ambacho hakuna mwingine anacho, na mwenye subira ya kukaa na viungo sita vya mwili vinavyofanya kazi tofauti kwa wakati mmoja. Mtu wa taarabu asilia pia, lakini kwanza ajifunze maqamu kwa udi au ganuni, aende hata DCMA, chuo cha muziki pale mjini, maana stili haikuonyeshi noti ilipo. Lazima uwe nayo sikioni kabla ya kuitafuta. Wa kidumbaki asijisumbue, itamezwa na ngoma. Na asiye na gari afikirie mara mbili, kasha ni zito na kondakta wa daladala atakutoza nauli ya mtu mzima.

Watu kadhaa wameniambia ninunue pikapu ya bei, eti ndiyo itamaliza kazi. Sinunui. Pesa ikipatikana inakwenda kwenye nyuzi za akiba na pedali mpya ya sauti, maana hii niliyonayo imeanza kukwaruza tena.