Bima ya kazini na kichwa changu: nyota tatu

Mimi ni karani wa serikali, ofisi yangu iko pale Upper Hill, Nairobi. Tulipomzika mama usingizi ulinihama, nikawa nalia kwenye choo cha ofisi nikifungulia mfereji ili wenzangu wasisikie. Dadangu ndiye aliyeniuliza, "Si una bima wewe?"

Kumbe inalipia daktari wa akili. Nilikuwa nimeibeba kadi ile miaka minne kwa ajili ya meno na malaria tu.

Daktari mwenyewe nampa nyota zote. Alinisikiliza karibu saa nzima bila kuangalia simu. Dawa nazo zililipiwa. Shida ni mapokezi. Nilibonyeza kidole kwenye mashine mara tatu, ikakataa, halafu binti wa dirishani akapaza sauti: "Wewe ndiye wa akili?" Foleni nzima ikageuka. Nilitamani ardhi inimeze.

Na mshauri nasaha? Kibali cha bima kilitoka cha vikao vitatu pekee. Cha nne nililipa mwenyewe, shilingi 3,500, na mwezi ulikuwa umefika tarehe 22, mtumishi mwenzangu unajua maana yake. Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa 2022, inakataza bima kumbagua mgonjwa wa akili, lakini dirishani hakuna anayekusomea sheria.

Ukienda, omba kibali cha vikao vyote siku ya kwanza, kwa maandishi. Jumatatu usijaribu, foleni hufika ngazini.