RabbitMQ kwenye malipo ya ada: foleni ni imara, milango uifunge mwenyewe

Shule zikifunguliwa Januari, wazazi hulipa ada kwa simu kwa mkupuo, wengi wao usiku baada ya kazi. Kila malipo yakikamilika, mtandao wa simu unatuma taarifa kwenye huduma yetu ya wavuti, na huduma inatakiwa ijibu upesi kwamba imepokea. Kwa hiyo risiti hatuiandiki papo hapo. Taarifa inaingizwa kwenye foleni, jibu linarudi, halafu programu nyingine inaichukua kwa nafasi yake na kumwandikia mwanafunzi. Foleni hiyo ni RabbitMQ, na mimi ndiye ninayeitunza hapa ofisini kwetu Dar es Salaam.

Kwa kazi yenyewe sina la kulalamika. Imeandikwa kwa Erlang, lugha iliyozaliwa Ericsson kwa ajili ya mitambo ya simu, na imekuwepo tangu 2007. Ni ya bure, leseni yake ni MPL 2.0, na inakaa vizuri hata kwenye seva ndogo. Programu ya risiti ikizimika katikati ya kazi kabla ya kuthibitisha, ujumbe unarudi kwenye foleni kumsubiri mwingine. Mzazi aliyelipa saa tano usiku anastahili kuikuta risiti yake asubuhi, na jambo hilo nalichukulia kwa uzito wote.

Sasa usalama. Hapa ndipo mtu anapotakiwa kukaa chini na kusoma taratibu.

RabbitMQ ikishawekwa inakuja na mtumiaji anayeitwa guest, nywila yake guest, mwenye ruhusa zote. Tangu toleo la 3.3 mtumiaji huyu anaweza kuingia akiwa ndani ya seva ileile tu, na huo ni uamuzi mzuri. Lakini imeji (kifurushi) rasmi ya Docker, programu inayoendesha programu nyingine ndani ya kontena zilizotengwa, inaliondoa sharti hilo. Faili lake la mipangilio lina mstari `loopback_users.guest = false`, maana yake guest anaingia kutoka popote. Tena Docker ikifungua poti (mlango wa mtandao) ya kontena kwa nje, inaandika kanuni zake moja kwa moja kwenye iptables, yaani kanuni za mtandao za Linux, na ufw, ukuta wa moto uliouwasha kwa matumaini, inarukwa. Ukiunganisha hayo mawili, unapata seva ambayo mwenye nayo anaamini imefungwa, kumbe poti 5672 ya ujumbe na 15672 ya ukurasa wa usimamizi ziko wazi kwa dunia nzima. Ukitumia Docker, ifunge poti kwenye 127.0.0.1 au kwenye anwani ya mtandao wa ndani, mfute guest, ndipo uendelee na mengine.

Baada ya hapo, zima poti isiyosimbwa, yaani inayopitisha data wazi. Mistari miwili inatosha: `listeners.tcp = none` na `listeners.ssl.default = 5671`. Ukurasa wa usimamizi nao una poti yake ya TLS, yaani iliyosimbwa, 15671. Anwani ambayo huduma ya wavuti itaitumia inakuwa na sura hii: amqps://mpokeaji:nywila@seva:5671/ada. Neno la mwisho ni uwanja, yaani vhost, sehemu iliyotengwa ndani ya seva. Ule uwanja wa mwanzo jina lake ni mkwaju mtupu, na ndani ya anwani lazima uandikwe %2F. Nywila yenye alama ya @ nayo iandikwe %40, la sivyo maktaba itaikata anwani mahali pasipo pake, nawe utabaki unahangaika na kosa la muunganisho lisilotaja chanzo.

Vyeti vinahitaji subira zaidi. Ukiweka cheti cha seva peke yake, mawasiliano yanasimbwa, ila seva haimuulizi mteja, yaani programu inayojiunga nayo, ni nani. Wengi huongeza `ssl_options.verify = verify_peer` wakaishia hapo. Haitoshi. Kwa mpangilio huo, mteja mwenye cheti kibovu anakataliwa, lakini asiye na cheti kabisa anaruhusiwa kuendelea. Mpaka uweke `ssl_options.fail_if_no_peer_cert = true` ndipo mlango unafungwa kweli. Upande wa mteja nao uangaliwe: kwenye maktaba ya Java, ukiita `useSslProtocol()` bila kuipa kitu, inaamini cheti chochote itakachoonyeshwa. Data inasafiri imesimbwa, lakini huenda unampelekea mtu mwingine kabisa. Ipe maktaba orodha ya wakala wa vyeti (wanaovitoa na kuvithibitisha) unaowaamini, na uwashe pia `enableHostnameVerification()`.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ruhusa. Kila mtumiaji, ndani ya kila uwanja, anapewa regeksi (kielelezo cha majina yanayoruhusiwa) tatu: ya kuunda vitu, ya kuandika, na ya kusoma. Huduma yetu inayopokea taarifa za malipo tumeiwekea hivi:

`rabbitmqctl set_permissions -p ada mpokeaji "^$" "^malipo$" "^$"`

Haiundi chochote, haisomi chochote, inaandika kwenye ekschenji ya malipo tu, yaani sehemu inayopokea ujumbe na kuugawa kwenye foleni. Huduma hii ndiyo iliyosimama barabarani, kwa hiyo hata mtu akiivamia na kuiba nywila ya foleni, hawezi kuzisoma taarifa za wazazi zilizomo wala kuifuta foleni. Programu ya risiti kinyume chake inasoma foleni moja tu. Angalizo: ukituma ujumbe kwa jina la foleni bila kutaja ekschenji, ruhusa inapimwa kwa jina `amq.default`, nayo lazima iwemo kwenye regeksi ya kuandika.

Kuna wanaosema haya yote ni kazi ya bure iwapo seva iko nyuma ya programu nyingine. Oktoba 2023 ulitangazwa udhaifu wa usalama wenye namba CVE-2023-46604 katika ActiveMQ, ambayo ni foleni nyingine inayotumika sana. Aliyeweza kuifikia poti yake ya OpenWire, lugha yake ya mawasiliano, aliweza kuendesha amri ndani ya seva, na wahalifu wanaofunga mafaili ya watu ili walipwe waliutumia upesi. Poti ya foleni haina sababu ya kuonekana intaneti, iwe ya RabbitMQ au ya yeyote.

Ninachoinyima alama ni ujumbe wake wa makosa. Mteja akikataliwa anaambiwa ACCESS_REFUSED na kuelekezwa kwenye logi ya seva, yaani faili la kumbukumbu za matukio. Kwa usalama ni sahihi, maana mvamizi hafundishwi kitu, lakini mwanafunzi wa kazi asiye na ruhusa ya kuona logi anakwama kabisa. Mpeni njia ya kuzisoma.

Kabla ya kupanda toleo la 4.0, lililotoka Septemba 2024, kagua foleni zako: zile za kuakisiwa (zenye nakala kwenye seva nyingine) za mtindo wa zamani zimeondolewa. Badala yake kuna foleni za kworamu, ambazo seva zake hukubaliana kwa wingi, na hizo zinataka seva tatu ili moja ikianguka kazi iendelee. Mwenye seva moja atumie foleni ya kawaida iliyotangazwa kuwa ya kudumu, na kila ujumbe nao utumwe ukiwa na `delivery_mode` 2, yaani wa kudumu, kwa sababu umeme ukikatika foleni ya kudumu itarudi, lakini ujumbe usio wa kudumu hautarudi nayo.