Kidude cha OBD2 na gari linalochemsha: kinasaidia kweli?

Haya wadau karibuni, leo niko na hiki kidude hapa, kinaitwa ELM327, adapta ya bluetooth, kadogo kama kiberiti, unakachomeka kwenye soketi ya OBD2, ile ya kupimia gari yenye pini 16 chini ya dashibodi upande wa usukani, halafu simu yako inaanza kusoma kompyuta ya gari. Marekani magari madogo yote kuanzia ya 1996 yana hiyo soketi, Ulaya ya petroli kuanzia 2001, kwahiyo hata gari lililochoka huenda linayo, ila angalieni yale ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, mengine soketi ipo lakini adapta na gari haviongei. Na wenye iPhone, ile ya bluetooth ya kawaida haikubali, tafuta ya wifi au ya bluetooth LE.

Sasa kuna kitu kinaniuma kabisa. Mtu taa ya injini inawaka, anachomeka, anaona namba ya hitilafu P0420, kesho yake kashabadilisha katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi. Jamani, ile namba haisemi badilisha nini! Inasema kompyuta imeona tatizo upande gani, basi. P0171 ni hewa imezidi mafuta, sasa hapo inaweza kuwa mpira wa hewa umepasuka, pampu ya mafuta imechoka, sensa ya hewa imechafuka, unatakiwa utafute. Na usikimbilie kufuta, kompyuta huwa inatunza hali ya gari pale taa ilipowaka, spidi, joto, mzunguko wa injini, ukifuta na hiyo inaondoka, fundi anaanza sifuri.

Kwa gari linalochemsha mimi hii naipendea kitu kimoja tu, joto la maji mubashara kwa namba. Mshale wa dashibodi kwenye magari mengi umewekwa ukae katikati hata joto likipanda nyuzi kadhaa, ukiuona unapanda ujue hali ishakuwa mbaya. Hapa kwenye simu unaona yote. Injini nyingi zikishapata moto zinacheza kati ya nyuzi 85 na 105 za Selsiasi. Washa gari likiwa la baridi, liache limesimama linaunguruma, tazama namba. Inapanda 90, 95, 100, sasa sikiliza feni, inatakiwa iwake na namba ianze kurudi. Ikipita 105 na feni kimya, anza na fyuzi, rilei, mota ya feni. Lakini kama ukisimama iko sawa halafu ukipanda mlima au ukikimbia inapaa, hapo feni haina kosa, mimi naangalia rejeta iliyoziba au pampu ya maji. Namba ikipanda haraka, mpira wa juu wa rejeta wa moto na wa chini bado wa baridi, huenda themostati, ile vali inayoruhusu maji kuzunguka kwenye rejeta, imegoma kufunguka. Na kinyume chake, injini haipati moto kabisa, mara nyingi inakuja na namba P0128, yaani maji hayafiki joto linalotakiwa, watu wanaipuuza kwa sababu gari halichemshi, wakati linakula mafuta bure.

Ila hii muishike, sensa inapima maji, maji yakiisha inabaki kwenye hewa na mvuke, namba inaweza hata kushuka huku injini inaungua. Kwahiyo kabla ya simu angalia maji kwanza, gari likiwa limepoa, mfuniko wa rejeta usiuguse wa moto, yale maji yako kwenye presha yanaruka usoni. Maji yanapungua na huoni yanapovuja, cheki oili kama imekuwa kama maziwa, moshi mweupe usioisha, mapovu kwenye rejeta, hiyo ni gasketi ya silinda hedi imeharibika, na kidude hiki hakitakuonyesha.

Ubora? Za bei ya chini sana nyingi ni chipu za kunakili, zinakatika katikati, namba inaganda na wewe unadhani joto limetulia, hilo ndilo baya kuliko yote. Ukizima gari chomoa, inanyonya betri. Nanunua? Ndio, kwa gari lililochoka nanunua, ila ile inayosoma bila kuganda. Na taa ya injini ikiwa inapepesa, mafuta hayawaki vizuri ndani ya injini na katalisti inaungua, punguza mwendo, simama. Taa nyekundu ya oili, hapo zima injini hapo hapo, usichomeke chochote.