Chuma au shaba: kipi kimfae mkusanyaji wa vyuma chakavu Unguja?

Chuma hupatikana kila mtaa, kuanzia mabati yaliyoliwa na hewa ya chumvi hadi fremu za baiskeli, na mwenye rikwama hurudi nalo limejaa kabla ya adhuhuri. Ila bei yake kwa kilo ni ndogo, na kuusukuma mzigo wa kilo 100 kutoka Fuoni hadi Mwanakwerekwe huumiza mgongo na kumaliza matairi.

Shaba ni adimu, lakini kipolo kimoja chaweza kuishinda thamani ya rikwama zima la chuma. Gharama yake imo kwenye kazi: kwa kuwa sumaku haiivuti, huna budi kukijaribu kila kipande kwayo ili usiuziwe chuma kilichovishwa shaba, kisha waya huchunwa kwa kisu, mmoja mmoja, mpaka vidole vife ganzi. Nawasihi wenzangu wasizichome nyaya hizo, kwani moshi wa plastiki ni sumu na shaba iliyoungua hushuka bei. Tena shaba huandamwa na shaka ya wizi, basi muulize muuzaji alikoitoa.

Anayehitaji fedha ya chakula kila jioni atafaidika zaidi na chuma; aliyezoeana na mafundi umeme, na mwenye subira ya kulimbikiza wiki kadhaa, ashike shaba.