Unanunua meli ya matanga ya LEGO? Anza kukagua tanga

Kila nikizigusia meli za LEGO, zile za kujenga kwa vitofali vya plastiki, napokea kilio kilekile. Mtu amejinyima, ameagiza meli yake ya matanga, jioni zake zote zimeishia mezani akipachika kipande kimoja kimoja. Akifika kwenye milingoti anakuta tanga moja halipo. Au lipo, lakini si lake. Au kamba ni fupi kuliko inavyoonyeshwa kwenye kijitabu cha maelekezo. Matofali yote yametimia. Kilichomkwamisha ni kitambaa.

Wauzaji hawaligusi suala hili. Hata wanaochambua seti kwenye YouTube hulipita mbio: wanahesabu vipande, wanapima urefu, wanasifia vidoli. Sitakurudishia hayo, idadi ya vipande imeandikwa kwenye boksi. Ninachotaka ukikague ni kila kitu ndani ya boksi ambacho si tofali, yaani tanga, kamba na stika.

Tofali halinipi wasiwasi. Tofali la LEGO la mwaka 1958, mwaka ambao kampuni ya Billund, Denmark, ililiwekea hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi), linanasa kwenye tofali lililotoka kiwandani juzi. Tangu 1963 wanatumia plastiki ya ABS, ngumu, isiyobadilika umbo kirahisi. Ukipoteza kipande cha kahawia cha mkuku, ule uti wa chini wa meli, utapata kingine cha kahawia, tena kwa senti chache. Tanga halina bahati hiyo. Kila meli ina matanga yake, yamekatwa kwa umbo lake na kuchapwa michoro yake, na seti ikishaacha kutengenezwa, matanga nayo yamekwisha. Yanabaki ya mitumba, ya mtu aliyeivunja meli yake ili auze vipande. Huyo anajua umekwama, na bei anapanga anavyotaka.

Kwetu sisi tunaokaa Pwani kuna la ziada. Unyevu wa masika unaota ukungu kwenye kitambaa, vidoadoa vyeusi ambavyo havitoki. Vumbi linanata kwenye kamba kuliko linavyonata kwenye plastiki. Matofali unaweza kuyaosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, mradi maji yasizidi nyuzi 40, kisha ukayaacha yakauke kivulini. Tanga lililochapwa ukilisugua hivyo unaondoka na mchoro. Stika ndiyo kabisa, ikishapata maji haina kazi tena.

Kwa hiyo shika tanga mkononi kabla ya kitu kingine chochote. Tanga halali la kitambaa ni jembamba, limekazwa, limekatwa bila pindo la cherehani, na matundu ya kupachikia ni ya mviringo safi. Sugua kona yake taratibu kwa kidole gumba, nyuzi zisichomoze. Liinue kwenye mwanga. Tanga lililokaa limekunjwa miaka kumi ndani ya boksi lina mstari mweupe pale rangi ilipopasuka, na mstari ule hautoki hata kwa pasi.

Mimi nililetewa boksi na duka moja la mtandaoni, likiwa limefungwa kwa gundi ya karatasi ambayo kwa macho tu unaona si ya kiwandani. Vipande vilikuwa halali. Matanga yalikuwa ya kuchapisha mtaani: fuvu limeegemea kushoto, matundu yametobolewa kwa kitu cha moto hadi kingo zimekuwa ngumu na nyeusi. Nilipompigia muuzaji jibu lake likawa, “Dada, mbona matofali yote yapo?” Akakata. Hadi leo namba yangu ameifungia, na tangazo lake bado lipo na picha ileile ya boksi. Hasira yangu haihusu fedha peke yake. Anajua kabisa mnunuzi wa meli hataangalia kitambaa mpaka afike mwisho wa ujenzi, wakati muda wa kurudisha mzigo umeshapita. Wanategemea hilo.

Sasa orodha yangu. Ni ya LEGO tupu na sioni sababu ya kuficha upendeleo. Ninawapenda kwa sababu kipande kikikosekana kwenye boksi jipya unawaandikia, unawatajia namba ya seti na namba ya kipande, na wanakutumia. Katika meli hilo lina uzito kuliko katika nyumba au gari.

Ya kwanza ni Endurance, namba 10335, iliyotoka mwishoni mwa 2024. Ina vipande 3,011, matanga 10, na urefu wa karibu sentimita 80 kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Meli yenyewe ilikuwepo kweli. Iliundwa Sandefjord, Norway, ikashushwa majini mwaka 1912, na mwaka 1914 mvumbuzi Ernest Shackleton akaichukua kwenda Antaktika. Barafu ya Bahari ya Weddell iliibana kwa miezi hadi ikavunjika, ikazama Novemba 1915. Watu wote 28 waliokuwamo walisalimika. Mabaki yake yalipatikana Machi 2022, yakiwa wima kwenye kina cha mita 3,000 hivi, na jina bado linasomeka tezi.

Ninaiweka juu kwa sababu waliounda modeli hii wameheshimu chombo. Mlingoti wa mbele peke yake ndio wenye foromali za kukingama, zile boriti zinazoshikilia tanga. Miwili ya nyuma ina matanga ya kufuata urefu wa meli, kama ilivyokuwa chombo chenyewe. Bomba la moshi limesimama kati ya matanga, maana Endurance ilikuwa na injini ya mvuke pia. Mashua za uokoaji zinatoka. Hakuna kidoli hata kimoja, na haihitaji.

Ila kamba zake ni nyingi, na hapo ndipo wengi wanaiharibu. Usikaze kamba ya upande mmoja mpaka mwisho kisha ukahamia upande wa pili. Mlingoti utainama na hutauona umeinama mpaka umalize. Kaza kulia kidogo, kushoto kidogo, simama mbele ya omo ufumbe jicho moja, halafu endelea. Ukikata ncha, itie tone la rangi ya kucha isiyo na rangi ili nyuzi zisifumuke. Kwa kazi hiyo rangi ya kucha inashinda gundi, kwa sababu gundi ya haraka inaacha ukungu mweupe kwenye plastiki ya jirani. Na kabla hujafungua mfuko wa kwanza wa matofali, tafuta matanga na kamba, uvipige picha, uvihesabu. Ukipungukiwa, dai siku hiyohiyo.

Bei yake Marekani ilitoka ikiwa dola 270 pungufu senti moja. Kwa hapa kwetu Tanzania ongeza usafiri, ongeza ushuru wa forodha, halafu VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya vyote, hata juu ya ule usafiri na ushuru. Hili linaniuma. Unalipa kodi ya gharama ya kukifikisha kitu, na juu yake muuzaji anaongeza faida yake kana kwamba meli aliivuta mwenyewe kwa kamba. Wenye ndugu Ulaya au Ghuba wawaombe waibebe kwenye begi ikiwa imetolewa kwenye boksi, mifuko yake ikiwa imefungwa bado. Boksi linakula nafasi bure. Matanga tu yalale bapa katikati ya vitabu viwili, yasikunjwe.

Ya pili itawashangaza, kwa sababu ni ndogo: meli ndani ya chupa. Ilitoka 2018 kwa namba 21313 na ikarudishwa 2020 kwa namba 92177, vipande 962, wazo lililopendekezwa na shabiki. Matanga yake madogo yamekaa ndani ya chupa, chupa yenyewe imejengwa kwa vipande vya kioo cha plastiki, na maji ni vipande vidogo vya duara vya buluu zaidi ya 280 vinavyomiminwa tu, havipachikwi. Vumbi haliyafikii matanga! Kwa anayeishi barabara ya vumbi hiyo peke yake inatosha kuinunua. Futa chupa kwa kitambaa laini, umemaliza. Haitengenezwi tena, kwa hiyo unanunua kwa mtu, na cha kukagua ni mikwaruzo ya kioo. Chupa iliyokwaruzwa haifichiki.

Pirate Ship ya Creator, mfululizo wa LEGO wa seti zinazojengeka kwa zaidi ya umbo moja, namba 31109 ya mwaka 2020, vipande 1,264, ndiyo ya kuanzia kwa mtu ambaye hajawahi kujenga meli. Unaweza kuivunja ukajenga nyumba ya wageni ya maharamia au kisiwa cha fuvu. Ukiinunua ya mitumba jiandae, kwa sababu seti ya kuvunjwa na kujengwa upya ndiyo inayopoteza vitambaa na kamba. Mtoto akiwa kwenye kisiwa, tanga liko chini ya kochi.

Pirates of Barracuda Bay, namba 21322, vipande 2,545, nayo ya 2020, naipenda sana. Inakuja kama mabaki ya meli yaliyogeuzwa kisiwa, halafu vile vipande vyake vikubwa vitatu unavikusanya ikawa meli nzima, kumbukumbu ya Black Seas Barracuda, meli ya maharamia ya LEGO ya mwaka 1989. Lakini imeshaacha kutengenezwa na matanga yake ni ya kitambaa. Nunua tu kama matanga umeyaona kwa macho yako. Nimeona tangazo limeandikwa “imekamilika asilimia 99” na bei iko juu kuliko boksi lilivyouzwa jipya. Ile asilimia moja ilikuwa tanga kuu. Imperial Flagship, meli nyingine ya LEGO ya 2010, naiweka kundi hilohilo, kwa hatari kubwa zaidi, maana kitambaa chake kina umri.

Meli ya Kapteni Jack Sparrow, yule wa sinema za Pirates of the Caribbean, ya 2025, namba 10365, vipande 2,862, matanga meusi. Ni nzuri. Dola 380 sikubali. Ina vipande vichache kuliko Endurance na inaizidi bei kwa dola 110, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo unalipia jina la sinema na sura za vidoli. Kama kilichokuvuta ni chombo chenyewe, tofauti hiyo haikuhusu.

Kuhusu kopi za bei nafuu za mitaani sina mengi. Matofali yake siku hizi yananasa vizuri kiasi. Matanga yake hayafai, na kamba zake zinafumuka. Ukinunua kopi, nunua ukijua utashona matanga mwenyewe.

Na kushona si jambo baya, kwa sababu kuna meli moja ambayo boksi lake sijawahi kuliona dukani, nayo ni jahazi. Tunaoyaona yakiingia Dar na Zanzibar tunalazimika kujenga wenyewe. Programu ya Studio ya BrickLink, soko la mtandaoni la vipande vya LEGO, ni ya bure. Unachora chombo kwenye kompyuta, inakupa orodha ya vipande, unaagiza vilivyopungua. BrickLink ni mali ya LEGO tangu 2019. Ugumu uko juu. Mlingoti wa jahazi umeinamia omo na foromali yake ni ndefu sana, kwa hiyo uzito wote unavuta mbele. Weka vipande vizito tezi, karibu na mkuku, na mlingoti uushike kwa kipande cha bawaba ili uchague mwinamo kisha uukaze kwa kamba. Tanga la pembetatu likate kwenye kitambaa cha pamba kiitwacho marekani, kilichotiwa wanga na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, usilikate kwanza ndipo ulipige pasi, litavutika upande mmoja.

Kama bado unanunua kwa mtu, mwombe picha tatu kabla hujatuma hela: matanga yote yametandazwa mezani upande wa mbele, yaleyale upande wa nyuma, na kamba zote zimenyooshwa pembeni ya rula. Akikujibu kwamba yamo ndani ya boksi na hawezi kulifungua, mwambie akupigie picha ya gundi ya boksi kwa karibu. Akikataa na hilo, mwachie meli yake.