Zotero kwa wanafunzi wa uzamili: uzoefu wangu wa kuifundisha mtandaoni

Mimi ni mkutubi wa chuo kikuu. Nawafundisha wanafunzi wa uzamili kutunza marejeo ya tasnifu zao, na siku hizi mafunzo mengi nayaendesha mtandaoni. Programu ninayoitumia ni Zotero, na sababu yangu kubwa ni kwamba haili bando. Ukishaisakinisha, kazi karibu yote inafanyika ndani ya kompyuta yako. Bando likikata ukiwa katikati ya sura ya pili, unaendelea kusoma PDF zako, kuzipigia mistari na kuingiza marejeo kwenye Word kama kawaida.

Tena ni ya bure tangu ilipoanza mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Hilo si dogo. Nimewaona waliozoeshwa programu ya kulipia kwa leseni ya chuo. Walipohitimu leseni ikakoma, wakaanza upya.

Kukusanya ni rahisi: unabonyeza kitufe kwenye kivinjari, makala inaingia na taarifa zake, au unaandika namba ya DOI (utambulisho wa makala mtandaoni) au ISBN (utambulisho wa kitabu) na programu inajaza yenyewe. Ila kagua, tafadhali. Zotero inachota kilichoandikwa kwenye chanzo, kwa hiyo kichwa kilichoandikwa kwa herufi kubwa tupu kitaingia hivyo hivyo. Vitabu vingi vya zamani vilivyochapishwa Dar es Salaam ukiviita kwa ISBN havileti kitu; utajaza kwa mkono. Na mwandishi akiwa taasisi, mfano Ofisi ya Taifa ya Takwimu, bonyeza alama iliyo kando ya jina ili nafasi mbili ziwe moja. Usipofanya hivyo, orodha itaanza na "Takwimu" kana kwamba ni jina la ukoo la mtu. Wasimamizi huliona hilo haraka sana.

Kwenye kipindi, kamera zote tunazima ili kuokoa bando. Nafungua maktaba ya kikundi, yaani ya pamoja ndani ya Zotero, kila mwanafunzi anaingiza makala zake, kisha nazirekebisha wakiona kwenye skrini. Hapa ndipo wanapojifunza hasa, kwa sababu kosa ni la makala wanayoihitaji kweli. Aliyekosa kipindi namtumia vipande vifupi vya video kwa WhatsApp.

Nafasi ya bure ya mafaili ambayo Zotero inakupa mtandaoni ni MB 300 tu, na PDF zinaijaza upesi. Zima usawazishaji wa mafaili, acha wa taarifa za marejeo peke yake, huo haulipiwi. Kabrasha la Zotero usiliweke ndani ya Dropbox au Google Drive, hifadhidata inaweza kuharibika. Ukitaka nakala ya akiba, funga programu, nakili kabrasha zima kwenye diski ya nje. Simu inafaa kusomea, lakini kuandika tasnifu kunataka kompyuta.

Wanaoandika kwa Kiswahili huniuliza kuhusu ile "et al." inayojitokeza katikati ya sentensi zao. Inarekebishika. Mtindo wa marejeo ni faili la maandishi la CSL (lugha ya kuandikia mitindo hiyo), unaweza kulifungua na kuongeza "na wenzake" mahali pake. Faili la APA, mmoja wa mitindo hiyo, nimeshalirekebisha, nalitoa kwa kila anayeandika tasnifu ya Kiswahili. Analisakinisha, na rejeleo linatoka sawa kurasa zote.